Jumanne Arsenal na Madrid, Jumatano Simba na Masry: hesabu zangu nikiwa Tanga

Wadau, Iddi ndo imepita juzi tu, pilau bado lipo tumboni, lakini akili yangu yote ipo wiki ijayo. Jumanne Aprili 8, 2025, saa nne usiku Arsenal wanaikaribisha Real Madrid pale Emirates, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, afu kesho yake Jumatano saa kumi jioni Mnyama, yani Simba, yuko Uwanja wa Mkapa, Dar, na Al Masry ya Misri, marudiano ya robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, huku tunadaiwa mabao mawili. Na kabla hujavuta pumzi kuna Coastal Union yangu ya hapa Tanga ambayo bado inatafuta pointi za kukaa sehemu salama kwenye ligi. Nimekaa nazo hizi mechi kichwani tangu juzi na kila nikizipindua nakuta jambo ni lile lile, mechi za nyumbani. Mwenye kutumia nyumbani kwake vizuri ndo atavuka.

Nianze na Simba maana ndo inayonikosesha usingizi. Juzi Jumatano kule Suez tumefungwa 2-0. Bao la kwanza sikulia nalo sana, ugenini Misri kufungwa moja unarudi nyumbani unapanga mambo yako, linaloniuma ni lile la pili la mwishoni kabisa, yani dakika zimebaki kiduchu unatakiwa uwe umeshafunga mlango. Sasa hesabu imebadilika, tukishinda 2-0 ni penalti, tukishinda 3-0 tumepita, na Masry akipata goli moja tu Dar inabidi sisi tufunge manne kwa sababu jumla ikiwa sare CAF (shirikisho la soka Afrika) bado wanahesabu goli la ugenini. Ndo maana nasema tusiingie kwa pupa. Watu wengi hapa mtaani wanataka tupate mawili ndani ya dakika ishirini za mwanzo, mimi naona ndo mtego wenyewe huo, mabeki wote wanapanda, mpira mmoja wa kushtukiza unakuja nyuma, kazi imeisha. Nataka bao moja kabla ya mapumziko na utulivu, dakika 90 ni nyingi sana jamani.

Kinachonipa moyo ni hatua ya makundi. Nyumbani tulishinda zote, Bravos do Maquis 1-0, Sfaxien 2-1 kwa mabao ya Kibu Denis, na Constantine 2-0, na hiyo ya Constantine tulicheza uwanja mtupu kwa adhabu ya CAF baada ya vurugu na viti kung'olewa siku ya Sfaxien. Yani 2-0 bila shabiki hata mmoja, timu ya Algeria ambayo kwao ilitufunga. Sasa Jumatano uwanja wa watu 60,000 ukijaa itakuwaje? Ila nawaomba wenzangu mnaoenda, kelele kadri mnavyoweza, vuvuzela, ngoma, lakini viti muache na chupa msirushe. Waarabu watajiangusha, kipa atalala chini kila mpira ukitoka, wanataka hasira zetu ziwafanyie kazi yao. Tusiwape.

Kwenye kikosi mimi ningekuwa kocha Fadlu ningeanza na Mukwala. Nasema hivi nikiwa nimeumizwa naye, Machi mosi alitupiga Coastal hat-trick, 3-0, na (niliweke wazi maana huwa naulizwa) Simba na Coastal zikikutana mimi ni Coastal, halina mjadala. Lakini siku ile nilimwona straika anayejua kukaa kwenye boksi, anasubiri, hakimbii ovyo. Kapombe na Tshabalala wamwagie krosi, Mpanzu awasumbue pembeni, Ahoua apige frikiki na kona. Ikifika penalti Camara yupo golini na roho yangu itatulia kidogo. Wazee wetu wa barazani huku kwenye kahawa na kashata wao hawana hata presha, ukiwaambia 2-0 wanakukumbusha 1979, Simba ilipigwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar, ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Ile ilikuwa ugenini, na tofauti ya manne! Hii ni mawili na tuko kwetu.

Sasa Arsenal. Ligi ya England tuseme ukweli imeenda, Liverpool wana 73 sisi 61 zimebaki mechi nane, hata wakiyumba vipi sioni. Kesho saa nane na nusu mchana tuko kwa Everton, pale Goodison Park ambapo wenyewe wanahama msimu ukiisha, na mimi ningempumzisha kila anayeweza kupumzika. Rice asicheze 90, Saka ndo kabisa, katoka kwenye majeraha tangu Desemba, Jumanne iliyopita karudi dhidi ya Fulham akitokea benchi na kafunga hapo hapo, nililia kwa furaha sioni aibu kusema. Shida ni kwamba usiku ule ule tumempoteza Gabriel, nyama za paja, anafanyiwa upasuaji na msimu wake umeisha. Hilo ni pigo kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, Gabriel sio beki tu, zile kona za Jover, kocha wetu wa mipira iliyokufa, nusu yake zilikuwa zinatafuta kichwa chake. Kiwior atakaa pale na Saliba, namuamini kijana, lakini mbele yake watakuwepo Mbappé na Vinicius. Na mbele kwetu Havertz hayupo, Jesus hayupo, tunamchezesha Merino ambaye ni kiungo kama namba tisa. Na anafunga!

Kila mtu ananiambia Madrid ni Madrid, makombe 15 ya Ulaya, sisi hatuna hata moja, tulilikosa 2006 fainali na Barcelona. Sawa. Lakini angalieni Madrid hii ya sasa. Jumanne hiyo hiyo wamecheza dakika 120 na Real Sociedad Bernabéu wakatoka 4-4, wameruhusu manne nyumbani kwao. Carvajal na Militão wote wako nje na magoti, Tchouaméni ana kadi mechi hii hachezi. Kulia kwao atasimama Lucas Vázquez na upande huo kuna Martinelli, mimi ningepeleka mipira yote kule mpaka aombe sabu. Na tulivyokutana nao mwaka huo huo 2006 Henry alifunga kwao, kwetu ikawa 0-0, Madrid hawakupata hata bao moja dhidi yetu mechi zote mbili. Hawana historia ya kutufunga, waje waitafute.

Ila moja bila haitoshi kwenda nayo Bernabéu tarehe 16. Sisi tunaanza nyumbani kwahiyo ni kinyume na Simba, Simba inamalizia kwake inajua inachotafuta, Arsenal lazima ijenge akiba kabla haijajua itahitaji kiasi gani. Kwangu mimi mawili ndo kiwango cha chini, na kwa mechi kubwa kocha Arteta huwa anakuwa muoga kidogo akishapata moja, anarudi nyuma, anafunga mlango. Jumanne asiufunge, aendelee kubisha.

Na Coastal? Wagosi wa Kaya msimu huu tumeishi kama wageni. Mwaka jana tumemaliza nafasi ya nne, Matampi kipa bora na mechi 15 hajaruhusu bao, tukaenda Shirikisho Afrika, tukatolewa na hao hao Bravos mapema. Afu msimu huu mechi zetu kubwa za nyumbani, ya Yanga na ya Simba, tumezichezea Sheikh Amri Abeid, Arusha! Nyumbani gani hiyo ambayo mtu wa Makorora au Chuda anaisikiliza redioni? Tumepoteza zote mbili. Mkwakwani, uwanja wetu hapa Tanga, ikijaa wale watu wanakuwa juu ya winga kabisa, anasikia kila neno, ndo uwanja uliotupa ubingwa wa 1988. Arusha mimi nina kumbukumbu nayo moja nzuri, fainali ya Kombe la FA la hapa nchini 2022, hat-trick ya Sopu wetu, 3-3 na Yanga, na hata hiyo tukaikosa kwa penalti. Ligi hii wa 15 na 16 wanashuka, wa 13 na 14 wanaenda mchujo, na bado tuna mechi ya marudiano na Yanga, kwahiyo kila pointi nyumbani inahesabika na namaanisha nyumbani kweli.

Utabiri wangu: Everton na Arsenal 1-1, Arsenal na Madrid 2-0, Simba na Masry 3-0, la tatu likichelewa mpaka dakika za themanini na kitu. Jumanne naangalia kibanda umiza Ngamiani, mechi inaisha karibu saa sita usiku, alfajiri napanda basi la Dar, mchana niko Temeke na jezi yangu nyekundu. Ubaya Ubwela, kama tunavyosema Wanasimba. Wa Tanga mnaosafiri siku hiyo tukutane stendi ya Kange twende basi moja.