Kabla ya kuamini mashine ya kusoma kodi za gari, pima betri

Taa ya injini ikiwaka, wengi hukimbilia mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. Soma, andika kodi zote pembeni, ila usinunue kitu bado. Umeme ukishuka, kompyuta ya gari hupokea vipimo vya ovyo na kuzisingizia sensa (vipimio vya injini) zisizo na kosa.

Gari likishalala usiku kucha, pima betri kwa multimita. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Mwenzako apige stata huku unatazama: ikishuka chini ya 9.6, ichaji ijae, upime tena ndipo uihukumu. Injini ikiunguruma, 13.5 hadi 14.7 maana yake alteneta inachaji.

Teminali ndizo zinazosahaulika. Gusa nguzo ya betri kwa waya mmoja wa multimita, wa pili uguse teminali iliyofungwa juu yake, kisha stata ipigwe. Ikizidi volti 0.2, umeme unapotelea kwenye uchafu uliopo kati yake. Fungua hasi kwanza, sugua kwa msasa, funga hasi mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche. Kukata betri pia kunaweza kufuta kodi, ndiyo maana uliziandika.

Oili ipime gari likiwa pahali tambarare, dakika 5 baada ya kuzima. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe tena, shuku gasketi ya silinda hedi. Rejeta ifunguliwe ikiwa ya baridi tu.

Gari likimisi (injini ikikatakata) na kodi ni P0171, yaani petroli ni kidogo kuliko hewa, kagua kwanza mpira wa hewa kati ya filta na injini, hasa kwenye mikunjo yake ya chini. Ufa ukiwa baada ya sensa ya hewa, injini huvuta hewa ambayo sensa haikuipima, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha. Sensa ya oksijeni inaripoti tu, na wengi huibadilisha bure.

Gari lisilowaka, washa swichi usikilize pampu ya mafuta ikivuma sekunde mbili kwenye tangi. Hata hivyo, kwenye Toyota nyingi za zamani pampu haivumi mpaka stata ipigwe, kwa hiyo ukimya peke yake si ushahidi. Angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) kabla ya kung'oa siti ya nyuma kuifikia pampu.