Sahani ya siku ya 19

Mwaka 2011, nikiwa msaidizi wa utafiti, nilikwenda na wenzangu wawili katika shule moja ya msingi kwenye nyanda za Kano, nje ya mji wa Kisumu, kuchukua sampuli za watoto wenye mapunye. Ugonjwa huu wengi wetu tumekua nao tukauona ni jambo la kawaida, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mtoto anayevaa kofia darasani kutwa nzima ili asichekwe hawezi kusema kwamba ni jambo dogo.

Mwalimu aliyetupokea aliamini kwamba chanzo ni mbwa waliokuwa wakilala uwanjani. Tuliziba madirisha ya darasa moja kwa mablanketi, tukamulika vichwa kwa taa ya Wood, ambayo hufanya nywele zenye kuvu ya Microsporum canis, ile ya paka na mbwa, zing'ae kijani. Hakuna kichwa kilichong'aa. Hilo peke yake halikutosha kuwa ushahidi, ikatubidi tungoje maabara.

Mvulana mmoja wa miaka minane aliletwa na nyanya yake.

“Daktari, nimempaka kila kitu, hata mafuta ya taa. Hayasikii dawa.”

Nilimweleza kwamba mimi si daktari, kisha nikainamisha kichwa cha mtoto kwenye mwanga. Nywele zilikuwa zimekatikia usawa wa ngozi, zikabaki nukta nyeusi. Nilikwangua magamba na vipande vya nywele polepole, nikavitia katika karatasi iliyokunjwa, maana mfuko wa plastiki hutunza unyevu na bakteria huota humo.

Maabarani nilidondoshea unywele mmoja potasiamu haidroksaidi, nikaupasha moto kidogo, nikasubiri ulainike. Chini ya hadubini, spora, yaani chembe ndogo za uzazi za kuvu, zilikuwa zimejaa ndani ya unywele wenyewe, zimesongamana kama omena guniani. Hapo nikaelewa kwa nini nyanya yule alipaka asifanikiwe: dawa ya juu haifiki ndani ya unywele.

Tulipanda sampuli katika sahani za agari ya Sabouraud, rojo la kuoteshea kuvu lililopewa jina la daktari Mfaransa Raymond Sabouraud, tukaziweka kwenye kabati la joto la nyuzi 30. Wiki mbili zikapita na sahani nyingi zikiwa tupu. Nafasi ilikuwa finyu, nami siku ya 14, bila kumuuliza yeyote, nikatupa sahani nne nilizoziona hazina kitu. Siku ya 19, katika sahani ya mvulana yule, kulikuwa na uvimbe mdogo uliokunjamana, unaong'aa kama nta, na rangi yake ikazidi kukolea hadi zambarau. Ilikuwa Trichophyton violaceum, kuvu inayokua taratibu mno, na inayoambukizwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mbwa hawakuhusika, tulipaswa kuuliza habari za mashine ya kinyozi, vitana, kofia na mito ya kulalia.

Nilimweleza msimamizi wangu kuhusu zile sahani nne. Hakunikaripia, aliniuliza tu kama karatasi bado zipo. Kuvu hizi huweza kukaa hai katika magamba makavu kwa muda mrefu, kwa hiyo nilizifungua upya na kupanda mabaki yaliyokuwemo. Tatu ziliota, zote za zambarau. Karatasi ya nne haikuwa na hata gamba moja, kwa kuwa nilikuwa nimeimaliza mara ya kwanza.

Tuliporudi shuleni na tabibu, watoto waliandikiwa vidonge vya griseofulvini vya wiki kadhaa. Nyanya alielezwa ampe mjukuu pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini, naye akauliza kama omena za kukaanga zitafaa. Zilifaa. Mtoto wa sampuli ya nne naye alipata dawa, kwa kuwa hadubini ilikuwa imeonyesha spora. Lakini katika daftari la utafiti, penye jina la kuvu yake, niliandika kwa mkono wangu: haikutambuliwa.