Siku nilipoiona presha ya kichwa cha baba

Jana mwanangu alikuwa anampaka babu yake mafuta kichwani, akagusa kile kinundu nyuma ya sikio akauliza, mama, hiki nini? Nikamwambia ni valvu, inapunguza maji kichwani ili babu atembee. Akaridhika, akaendelea zake. Mimi ndo ile asubuhi ya Cambridge, kule Uingereza, ikanirudia yote.

Kabla ya hapo baba alikuwa hivi, miguu haibanduki sakafuni, mkojo unamtoka kabla hajafika chooni, anasahau kama ameshaswali, na ndugu wote kule Tanga wanasema uzee tu huo, mwacheni mzee apumzike. Picha ya MRI ikaonyesha vyumba vya maji kwenye ubongo vimetanuka, ila ubongo wa mzee ukisinyaa navyo hutanuka, kwa hiyo tukapelekwa hospitali ya Addenbrooke's hapo Cambridge wapime maji yanatokaje.

Wakamlaza ubavu, sindano kiunoni, mpira unaenda kwenye kompyuta yenye programu ya ICM+, imetengenezwa hapohapo Chuo Kikuu cha Cambridge. Mstari ukaanza kutambaa, na juu ya mstari vilima vidogo vidogo, daktari akasema kila kilima ni pigo la moyo limefika mpaka kwenye maji ya ubongo. Nilikuwa nimemshika baba mkono, kidole kiko kwenye mshipa. Pigo, kilima. Pigo, kilima. Akakohoa, mstari ukaruka juu ukashuka. Akaniuliza, "Huyo ni mimi?" Nikamwambia ndiyo baba, ni wewe.

Presha ikakaa 9. Kawaida kabisa! Nguvu zikaniishia, nikajua tunarudishwa nyumbani. Kumbe ugonjwa wenyewe ndo unaitwa hidrosefalasi ya presha ya kawaida, yaani maji kujaa kichwani bila presha kuonekana juu, daktari Hakim wa Colombia aliueleza tangu 1965, namba ya mtu aliyelala tu haitoshi. Wakaanza kuingiza maji ya chumvi taratibu, mililita moja na nusu kwa dakika. Mtu ambaye maji yake yanatoka vizuri presha inapanda kidogo halafu inatulia. Ya baba ikapanda 15, ikapanda 22, ikapita 30, na vile vilima vinarefuka kwa sababu ubongo umebanwa, kila pigo likija halina pa kwenda. Baba akasema kichwa kinajaa. Ikatulia kwenye 36. Kompyuta ikapunguza ile 9 ya mwanzo kwenye 36, ikagawa kwa moja na nusu, ukinzani, yaani maji yanavyopata shida kutoka, ukawa 18, na hao madaktari ikizidi 13 tu wanaanza kushuku. Yaani sinki lilikuwa limeziba miaka yote hiyo na sisi tunasema uzee.

Valvu ikawekwa. Miguu ilirudi upesi mpaka nikalia, sasa hivi msikitini anakwenda mwenyewe. Kumbukumbu imerudi kidogo sana, bado anamwita mjukuu wake kwa jina langu. Walitutahadharisha kwamba miguu ndo huwahi kupona na akili huchelewa au hairudi, lakini siachi kujiuliza ingekuwaje tungewahi, kabla ya ile miaka ya mwacheni apumzike.

Sasa na shangazi ameanza hatua zilezile fupi fupi. Nimewaambia ndugu wampeleke Muhimbili apigwe picha ya kichwa ya CT, yeye anasema ni magoti. Inawezekana ni magoti kweli. Nimeshatuma nauli lakini.