Uzoefu wangu wa kufundisha kinga ya maambukizi: fuata spekulamu moja

Mafunzo mengi ya kukinga maambukizi katika vyumba vya uzazi wa mpango na magonjwa ya ngono humwalika tabibu na muuguzi. Anayeosha vifaa haalikwi. Kwenye zahanati nyingi hapa Tanzania kazi hiyo ni ya mhudumu wa afya au mtu wa usafi, ambaye alionyeshwa na aliyemtangulia, naye alionyeshwa na mwingine. Nilipoandaa mafunzo ya zahanati na vituo vya afya niliweka masharti mawili. Kila kituo kilete watu watatu: anayepima, anayesaidia na anayeosha. Pia tusikodi ukumbi. Tufundishie chumba chenyewe, na somo lifuate spekulamu moja (kifaa cha kufungulia uke wakati wa uchunguzi) tangu inapotoka kwa mteja hadi inapokuwa tayari kwa mteja mwingine. Hiyo safari ndiyo mtaala.

Kabla ya kufundisha lolote nahesabu spekulamu. Tuseme zipo 3, na wanawake wa kupimwa asubuhi ni 15. Kuosha na kusuuza ni kama dakika 15. Kuchemsha ni dakika 20 tangu maji yatokote kwa nguvu, si tangu sufuria iwekwe motoni. Ongeza muda wa kuyapasha maji, wa kupoa na wa kukauka, unafika saa moja na nusu. Kabla ya saa sita mchana zile 3 zitarudi mezani mara mbili, basi. Wanawake 9 wamehudumiwa. Wale 6 waliobaki watapimwa na nini? Hapo ndipo spekulamu inapochovywa kwenye ndoo ya klorini, inasuuzwa, inaingia kwa mtu mwingine. Anayefanya hivyo anajua kabisa kwamba haifai; kinachomshinda ni foleni. Ukimhubiria juu ya usafi wakati idadi ya vifaa ni ile ile, ataitikia vizuri na kesho atarudia.

Njia moja ya kupunguza mzigo haina gharama: acha kuwapima wasiohitaji kupimwa. Vidonge, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango havihitaji uchunguzi wa ukeni. Kitanzi kinauhitaji, na mwenye dalili za ugonjwa wa ngono anauhitaji. Vipo vituo ambavyo wanawake wote wanapandishwa kitandani kwa mazoea tu.

Sehemu inayoleta ubishi mkubwa ni ndoo ya klorini. Kwa miaka mingi sote tulifundishwa kwamba kifaa kikitoka kwa mteja kinaloweshwa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ndipo kioshwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2016 kuhusu kusafisha vifaa tiba unasema tusiloweshe tena kabla ya kuosha. Sababu zake zinaeleweka: klorini inakula chuma, hasa kwenye bawaba na meno ya koleo, damu na ute huimaliza nguvu, hivyo ndoo iliyotumika tangu asubuhi inageuka kuwa maji machafu yenye harufu ya usalama, na anayebeba ndoo hiyo anarukiwa na kemikali. Badala yake kifaa kinawekwa mara moja kwenye maji yenye sabuni ili uchafu usikauke, kisha kinaoshwa.

Wauguzi wakongwe hawakubali hili kwa kusomewa. Huwa natumia ute wa yai. Paka ute kwenye bawaba ya spekulamu chakavu, iache juani hadi ukauke, ichemshe dakika 20 bila kuiosha. Inatoka na yai lililoiva, jeupe, limekaza ndani ya bawaba. Ya pili ipake vile vile, itie kwenye maji ya sabuni papo hapo, isugue kwa brashi, kisha ichemshe. Baada ya hapo sihitaji kueleza kwa nini kuosha ndiyo hatua isiyorukwa: joto na dawa havifiki chini ya uchafu.

Kuosha kwenyewe nakufundisha polepole, na anayefundishwa ni yule mwoshaji, wengine wanatazama. Glovu nzito za jikoni, aproni ya plastiki, miwani, viatu vilivyofunika vidole. Fungua bawaba, legeza skrubu. Sugua kifaa kikiwa chini ya maji, kwa sababu ukisugulia juu, matone yanaruka usoni. Brashi ya meno laini inaingia kwenye bawaba, sifongo haiingii. Suuza kwa maji safi, kausha. Kukausha watu wanakupuuza, lakini kifaa chenye maji kinazimua dawa ya kutakasa, na kwenye pakiti ya otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wenye shinikizo) unyevu unapitisha vijidudu.

Klorini bado ina kazi yake: sakafu, kitanda na meza vilivyomwagikiwa damu. Kwanza futa damu kwa kitambaa cha kutupa, halafu mwaga klorini, acha dakika 10, suuza. Hesabu ya kuchanganya naifanyisha kwa chupa iliyopo rafuni siku hiyo. Gawa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayotaka, toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jik ya asilimia 3.5 ukigawa kwa 0.5 unapata 7, toa 1, ni maji sehemu 6. Ya asilimia 5 inataka maji sehemu 9. Unga wa asilimia 70 ni gramu 7 hivi kwa lita. Kijiko cha chai hakipimi gramu, kwa hiyo pima mara moja kwenye mizani, kisha weka alama ya kudumu kwenye kifuniko kimoja kitakachobaki kwenye kopo hilo. Mchanganyiko unatengenezwa kila siku, unaandikwa saa, unakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, mbali na jua. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi, utatoa gesi ya kukaba. Wala mikono haichovywi humo. Ngozi ikichubuka ndiyo mlango wenyewe wa vijidudu.

Otoklevu ya jiko la mkaa au gesi inaharibiwa na haraka. Valvu ikifungwa kabla hewa haijatoka yote, mshale unaonyesha shinikizo lakini ndani joto halijafika. Acha mvuke utoke mfululizo kwanza, ndipo ufunge. Kipimo ni nyuzi 121 za Selsiasi kwa shinikizo la pauni 15 (kwa inchi ya mraba), dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa na 30 kwa vilivyofungwa, zikihesabiwa tangu joto lifike. Huku Nyanda za Juu kuna jambo ambalo vitabu vingi havilitaji. Sehemu kama Njombe, iliyo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo pauni 15 kwenye mshale zinakupa kama nyuzi 118 tu. Unahitaji kukaribia pauni 18 kama mashine yenyewe imetengenezwa kuhimili hizo, la sivyo ongeza muda. Usiguse valvu ya usalama kwa ujanja. Spekulamu ziwekwe zikiwa wazi, zisibanane. Utepe wa kipimo uliobandikwa kwenye pakiti ukibadilika rangi unakwambia pakiti imepitia joto, haukwambii imetakasika. Pakiti ikitoka na unyevu inarudishwa.

Sasa spekulamu iko tayari, inarudi kitandani. Hapa napaka rangi ya chakula kwenye glovu za anayepima na kumwacha aigize uchunguzi wote. Rangi inaonekana kwenye swichi ya taa, pazia, bomba la jeli na kalamu ya rejista. Dawa yake ni mpangilio: taa inalengwa kabla ya kuvaa glovu, vifaa vinafunguliwa na msaidizi, rejista inaandikwa baada ya kuvua glovu na kunawa. Kunawa kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60. Wengi wanasahau kidole gumba na ncha za vidole.

Kabla ya uchunguzi kuna maswali. Swali la wapenzi wangapi, likiulizwa kwenye dirisha linalotazama foleni, lina jibu moja tu. Namlaza tabibu kitandani, amevaa nguo zake, miguu juu, halafu mtu anafungua mlango bila kubisha. Zoezi la dakika tano. Kesho yake kitanda kimegeuzwa.

Kwenye kitanzi nasisitiza mambo mawili. Ukiona usaha kwenye mlango wa kizazi, usiweke; tibu kwanza, mteja aondoke na njia nyingine kwa sasa. Pia uwezekano wa maambukizi ya nyonga umejikusanya katika siku 20 hivi za mwanzo baada ya kuweka, dalili kwamba chanzo ni kilichokuwepo au kilichoingizwa siku ile. Kwa hiyo kitanzi kipakiwe kwenye bomba lake la kuwekea kikiwa ndani ya pakiti, na kisiguse ukuta wa uke wala ncha za spekulamu.

Matibabu ya kaswende yana hatari ambayo haizungumzwi. Benzathine penisilini, uniti milioni 2.4, kwa kawaida milioni 1.2 kila tako, ni nzito kama uji mwembamba na hutuama. Sindano nyembamba inaziba katikati. Mtoa huduma anaichomoa, mteja anaruka, na wakati wa kubadilisha sindano mtu anajichoma. Tumia sindano nene kidogo, ya geji 21, tikisa vizuri, choma na usukume mfululizo bila kusimama. Adrenalini, dawa ya kumwokoa akipata mzio mkali, iwe imeshapatikana kabla ya kuchoma, na mteja akae nusu saa.

Boksi la usalama liwe mkono unapofika, si nje ya mlango, na lifungwe likijaa robo tatu. Aliyejichoma aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, asipake Jik. Dawa kinga ya VVU ianze mapema, ndani ya saa 2 ikiwezekana, mwisho saa 72, zinywewe siku 28. Huwa nauliza darasani: ni Jumamosi saa nne usiku, ufunguo wa kabati la dawa kinga anao nani? Kimya kikitokea, tunapanga pale pale. Mwoshaji ndiye anayechomwa na sindano iliyosahauliwa ndani ya trei, na mara nyingi ndiye pekee ambaye hajapata chanjo ya homa ya ini B, dozi ya kwanza, ya mwezi mmoja na ya mwezi wa sita.

Sipimi mafunzo kwa mtihani wa karatasi. Narudi Ijumaa mchana, Jik inapokuwa imekaribia kwisha, na kumwomba mwoshaji anionyeshe kazi akiwa anaeleza. Naangalia saa iliyoandikwa kwenye ndoo na hali ya brashi. Halafu tunafungua fomu ya kuagiza vifaa Bohari ya Dawa. Spekulamu, brashi na glovu nzito hazimo, kwa kuwa anayejaza fomu hajawahi kuosha. Tunaijaza upya, mwoshaji akitaja idadi.