Siku moja kwenye kijiwe cha matairi, Chalinze

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kuwasha kompresa nafungua koki ya chini ya tangi, maji yaliyojikusanya usiku yatoke. Yakiachwa yanaingia kwenye tairi na kula rimu. Geji yangu ina mizunguko miwili ya namba, PSI (pauni kwa inchi ya mraba) nje na baa, kipimo kingine cha upepo, ndani. Wateja wengi hawataji kipimo, wanasema tu, "Fundi, weka thelathini."

Saa 2. Dada mmoja aliyelala hapahapa Chalinze anaelekea Tanga na gari ndogo ya Japani. Namwomba afungue mlango wa dereva. Kibandiko kimeandikwa 220, na kwenye mabano 2.2. Ya kwanza ni kilopaskali; ya mabanoni ni kilo kwa sentimita ya mraba. Kwa hesabu ya haraka nagawanya 220 kwa 7, napata 31 na ushee. Hesabu kamili ni kugawa kwa 6.895, inakuja 32 PSI. Geji inasoma 44! Anasema ndiyo namba iliyopo ubavuni mwa tairi. Dada yangu, hiyo ni ya juu kabisa tairi linayoruhusiwa kubeba, si ya kutembelea. Ukijaza hivyo tairi linalika katikati, na ukikanyaga breki ghafla mshiko ni mdogo. Nampunguzia hadi 32.

Saa 4. Bodaboda. Pikipiki ya India, kibandiko kinasema kilo 1.75 mbele. Mara 14.2, sawa na 25 PSI.

Saa 7 mchana. Semi-trela kutoka bandarini Dar, inakwenda Lubumbashi. Dereva ni mzee wa Kikongo, gari lake la Ulaya, kila kitu kwa baa. Tairi za mbele zinatakiwa 8.5, yaani 123 PSI, kwa kuwa baa moja ni 14.5. Zinasoma 9.4.

"Fundi, toa upepo."

"Mzee wangu, sitoi. Zimechemka kwa lami na mzigo. Nikitoa sasa hadi 8.5, alfajiri zikipoa utakuta 7.7, PSI 112 hivi."

Na hapo ndipo hatari ilipo. Tairi lenye upepo pungufu chini ya tani zile linajikunja ubavuni, linazidi kuchemka, mwisho linapasuka. Watu wanalaumu joto, kumbe ni upepo uliotolewa mchana. Anakubali, anaegesha kivulini, anaagiza wali maharage.

Saa 11 jioni. Za mbele zimerudi 8.5 bila mtu kuzigusa. Nyuma, kwenye tairi pacha, la ndani linasoma 6.9. Hilo madereva wengi hawalipimi, maana mkono unafika kwa shida. Tunalishusha, kuna msumari. Tunaziba, tunajaza.

Saa 1 usiku anaondoka kuelekea Morogoro. Nimemwambia apime tena alfajiri kabla ya kuwasha injini, na akikuta fundi mwenye geji ya PSI tu, amtajie 123.