Siku moja Utrecht: wazee, biskuti na vitenzi vya mwishoni

Saa 11:30 alfajiri. Giza, manyunyu, kiti cha baiskeli kimelowa. Ndiyo Novemba ya Utrecht, Uholanzi. Nakanyaga pedeli huku nikijisemea Kiholanzi, maana mtihani wa B1, ngazi ya kati ya lugha, unaninyemelea.

Saa 1 asubuhi naingia kazini, nyumba ya wazee. Bibi wa chumba cha mwisho ananipa mguu nimvishe soksi, kisha ananiambia, "Jij bent mijn allerliefste," wewe ndiye mpenzi wangu kuliko wote. Hiyo "aller" imenisumbua wiki nzima. "Liefste" peke yake tayari ni mpendwa kupita wengine, sasa "aller" ya nini tena? Kumbe ni umbo la kale la "al", lenye maana ya "wa wote". Basi Mholanzi naye anasema "kuliko wote" kama sisi, ila amelitanguliza mbele na kuligandisha kwenye neno.

Saa 4, kahawa na biskuti moja. Kwa desturi ya hapa ni moja kweli, lakini bibi anaomba "het allerlaatste koekje", ya mwisho kabisa. Dakika tano baadaye anaomba "het allerallerlaatste". Nampa.

Saa 7 mchana naandika ripoti ya zamu: "Mevrouw heeft niet gewild eten," yaani bibi hakutaka kula. Mwenzangu anasoma begani kwangu, anaguna. Inatakiwa "heeft niet willen eten". "Willen", kutaka, akiwa peke yake anavaa "ge" na kuwa "gewild". Akiongozana na kitenzi kingine anaivua, wanabaki wawili wamepangana mwishoni kama "kutaka kula". Nafuta, naandika upya. Hakuna aliyewahi kuniambia hili, na nimeshaandika ripoti za miezi minne!

Saa 11 jioni mama anapiga simu kutoka Tanga. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Nimekaa nasoma, mama."

"Umekula?"

Saa 1:30 usiku, darasani. Mwalimu anaandika ubaoni: "Ze zit te lezen." Wenzangu wanahangaika: kukaa kumeingiaje kwenye kusoma? Mimi natabasamu. Si ndilo jibu nililompa mama? Amekaa anasoma. Amesimama anasubiri ni "staat te wachten". Ile "te" inayojipenyeza katikati ya "opbellen", kupiga simu, ikawa "op te bellen", nayo hainitishi. Naiona kama "mw" ya "kumwambia".

Ndipo mwalimu anaipeleka sentensi wakati uliopita: "Ze heeft zitten lezen." "Te" haipo. Namuuliza imekwenda wapi. "Imedondoka," anasema, anafuta ubao.

Saa 4 usiku, taa nyekundu njiani, upepo wa usoni. "Ik sta te wachten," nasema kwa sauti. Kijana wa baiskeli ya pembeni ananitazama. "Ik ook," anajibu, na yeye pia anasubiri. Taa inageuka kijani.