Redio mbovu na picha ya 1988

Tiketi niliyoililia kuliko zote niliipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliikuta Muheza kwa muuza vitabu chakavu: fainali ya Kombe la CAF, 1993, siku Simba ilipochapwa 2-0 na Stella ya Abidjan pale Dar es Salaam. Nikaipiga picha, nikaitupia kwenye kundi letu la WhatsApp: "Wakuu, hii orijino?" Wakuu kimya. Kesho yake narudi na hela, naambiwa kuna kijana wa Dar kaichukua asubuhi, wala hakuomba apunguziwe.

Ndiyo shida ya sisi wakusanyaji wa kumbukumbu za mpira. Usipouliza utauziwa feki, ukiuliza umewapigia wenzako mbiu.

Mwaka jana familia moja ya Ngamiani, hapa Tanga, ilikuwa inahama, ikamwita dalali auze vyombo. Marehemu baba mwenye nyumba alikuwa akitunza vifaa vya Coastal Union, timu yetu ya mpira. Alhamisi nikapita kuangalia makochi, nikaona picha ya kikosi, imeegemezwa juu ya redio ya Philips iliyokufa zamani. Moyo ukanidunda. Je, kama ni ya 1988? Kwa mtu wa Tanga, mwaka huo hauelezwi: ndio Coastal, Wagosi wa Kaya, walipobeba ubingwa wa ligi.

Simu niliiacha mfukoni. Mama mjane alipoingia ndani kuleta maji, nikatoa lenzi ya fundi saa. Picha iliyosafishwa kwa dawa, hata uikuze vipi, weusi unayeyukia kwenye weupe taratibu. Ya printa inakuonyesha vitone vitone. Hii haikuwa na kitone. Nyuma ya fremu, muhuri wa studio wa zambarau umefifia, na neno moja la penseli: Mkwakwani, uwanja wa Coastal. Mwaka hakuna.

Ila wa pili kutoka kushoto nilimjua. Mzee huyo hunywa kahawa karibu na kwangu, na pichani kafungwa bandeji gotini. Jioni nikamfuata barazani.

"Shikamoo mzee. Goti linaendeleaje?"

"Marahaba, mgosi. Baridi hii linanitesa."

"Kwani uliumia lini?"

"Themanini na nane, ligi ikikaribia kwisha. Nikafunga bandeji, nikacheza hivyo hivyo."

Nikamlipia kahawa na kashata. Picha sikuitaja.

Jumamosi, siku ya mnada, kijana wa Dar alikuwapo, kaegemea mlango, mikono mfukoni. Nilizunguka sufuria, nikagombea meza ambayo sikuihitaji, kwenye fremu sikutupa jicho. Nikamwomba dalali auze redio na vilivyo juu yake kwa pamoja. Aliyeshindana nami ni fundi redio tu, aliyetaka spea. Tukaanzia elfu kumi, akaniachia kwenye thelathini na tano. Hata kwenye minada ya eBay wazoefu hawaweki dau mapema. Wanangoja sekunde za mwisho, maana dau la siku ya kwanza linawaamsha waliolala.

Usiku sikulala vizuri. Kumficha mnunuzi mwenzangu hakunisumbui, ndio mchezo wenyewe. Lakini mjane hakuwa mshindani wangu, na nilikuwa nimemfanya aamini nanunua redio. Jumapili nikarudi na laki moja mkononi na nakala safi ya picha, nikamweleza yote.

Alicheka mpaka akashika ubao wa kitanda.

"Kumbe ulitaka picha, mwanangu? Ungeniambia tangu siku ile. Negativu zake zilikuwa kwenye kopo la biskuti, hizo na nyingine nyingi. Marehemu alizinunua studio ilipofungwa. Kuna kijana alikuja Jumatano kutoka Dar, mpole kama wewe. Nikampa kopo zima."

Nikamkumbuka pale mlangoni, mikono mfukoni, hakupandisha hata shilingi.